Naomba ushauri: kijana wangu hafuati masharti, na bibi yake anamkingia kifua

Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Naombeni ushauri, hasa mliolea vijana wa rika hili.

Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Tunaishi Mbagala pamoja na mama yangu mzazi. Darasani si mbaya. Shida ni kutoka: anaaga anaenda tuisheni, anarudi saa tano usiku, ukimuuliza anachomeka hedifoni masikioni. Juzi mtungi wa gesi haukuonekana, kumbe kauweka bondi kwa fundi simu. Sufuria ya maharage iko jikoni, ndipo nahangaika kutafuta mkaa.

Baba yake yuko Tunduma kikazi, kwake dawa ni fimbo tu. Zilishapigwa, kazizoea.

Nikamwekea sharti: saa moja na nusu awe ndani, akichelewa simu nakaa nayo mpaka kesho yake. Akaanza kufuata vizuri. Basi bibi yake akawa anamfungulia geti kimyakimya na kumwazima simu yake. Mjukuu wake haonewi!

Jirani anasema nimfukuze, mtaa utamfunza. Hilo hapana. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 huyu bado mtoto mpaka atimize 18.

Ninachouliza: mnaoishi na wazazi wenu, mliongeaje nao mkawa na kauli moja bila kuonekana mnawavunjia heshima? Na kuna aliyewahi kwenda ustawi wa jamii, au kupiga 116 (namba ya simu ya msaada kwa watoto), kwa utovu wa nidhamu wa namna hii? Walimsaidiaje?