Kerneli ipi kwa kompyuta ya nyumbani Dodoma: Linux, FreeBSD, OpenBSD au NetBSD?

MtuWaNkuhungu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeukalia miezi minne, leo nauleta.

Hapa nyumbani Nkuhungu nina mashine tatu, zote za mtumba: ya mezani yenye Core i3 na ramu ya GB 4, ThinkPad X220, na laptopu ndogo ya zamani ambayo prosesa yake ni ya biti 32. Nimezipitisha kwenye kerneli nne za programu huria (kerneli ni kiini cha mfumo, kinachoendesha vifaa na programu zote). Kasi ya kufungua brauza sijaipima, kwa sababu kwa matumizi ya nyumbani tofauti yake huioni. Nimeangalia mambo yanayotusumbua huku kwetu: umeme kukatika ghafla, waifai, na bando.

Kwanza tuelewane kidogo. Linux ni kerneli peke yake. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na vingine vyote unavyoviona kwenye mifumo kamili kama Debian au Mint vimetoka kwingine vikaunganishwa nayo. Familia ya BSD (FreeBSD, OpenBSD, NetBSD) haiko hivyo. Kerneli na zana zake za msingi hutunzwa pamoja, na watu walewale, kwenye ghala moja la msimbo. Faida yake nimeiona kwa macho: ukisoma ukurasa wa maelezo wa draiva (programu inayoendesha kifaa) ndani ya OpenBSD, kilichoandikwa ndicho kilichopo kwenye mashine yako. Kwenye Linux nimeshapoteza jioni nzima nikifuata maelezo ya toleo ambalo si langu.

Sasa umeme, maana ndio ulionianzishia yote haya. Mwezi Machi nilikuwa naingiza hesabu za shamba la zabibu la mzee kule Mpunguzi. Nina hati ndogo niliyoiandika mwenyewe, kila wiki inatengeneza faili jipya na kuweka mauzo humo. Nikaiendesha, ikaniambia imemaliza, na kabla sijanyanyuka kitini umeme ukaenda. Uliporudi, mashine (Linux, diski yenye mfumo wa mafaili wa ext4) iliwaka bila kulalamika hata neno moja. Nikafungua faili la wiki ile. Jina lipo, tarehe ipo, ndani baiti sifuri. Mzee alishatupa karatasi za mizani, kwa hiyo ile wiki imepotea hadi leo.

Ndipo nikaanza kusoma. Ext4 ina daftari la mabadiliko, na kwa kawaida hulifunga kila sekunde 5. Ila daftari lile linalinda mpangilio wa diski: majina, saraka, nafasi ipi imeshikwa na nani. Maandishi yako yenyewe yanaweza kuendelea kukaa kwenye ramu hadi nusu dakika. Jina likitangulia kufika diskini na maandishi yakachelewa, unabaki na ganda.

FreeBSD nimeiweka kwenye ile ya mezani, kwa mfumo wa mafaili wa ZFS. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani. Inaandika pembeni, ikishamaliza ndipo inahamishia kiashiria kule. Nimezima swichi ya ukutani makusudi mara kumi, nikiwa katikati ya kunakili mafaili. Mara zote imerudi ikiwa na hali ya diski ya sekunde chache nyuma, na ukaguzi wa ZFS haukukuta kosa lolote. Gharama yake ni ramu. Ukiiachia itajaza akiba yake, kwa hiyo kwenye GB 4 nimeiwekea kikomo cha GB 1.

OpenBSD ndiyo iliyonifundisha kuogopa umeme. Mfumo wake wa mafaili hauna daftari. Umeme ukikatika, kuwaka kunakofuata ni fsck (ukaguzi wa diski) kwenye kila kizigeu, na kuna usiku mmoja ilisimama ikanitaka niiendeshe fsck kwa mkono. Nikaihamishia kwenye X220, yenye betri, na tangu hapo hatujagombana. Kwa kweli naipenda kuliko zote. Programu zake nyingi zinatangaza mwanzoni zitahitaji nini kwenye kerneli (pledge) na zitagusa mafaili yapi (unveil), zikivuka mpaka wa pledge zinauawa papo hapo, na faili lililo nje ya unveil zinanyimwa. Na tangu toleo la 6.2 la mwaka 2017, kerneli huunganishwa upya kwa mpangilio tofauti kila unapoiwasha. Kwenye diski ya kizamani unaisikia kabisa: umeshaingia, diski bado inakwaruza dakika nzima kule chini.

NetBSD ipo kwenye ile ndogo ya biti 32. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli kwa mashine kama hiyo, na FreeBSD nayo imeziacha kuanzia toleo la 15. NetBSD bado inazijali. Ukiongeza neno `log` kwenye fstab (faili la orodha ya diski) unapata daftari la mabadiliko, basi.

Waifai: Linux imewashinda wote, sina la kuongeza.

Naomba uzoefu wenu.

FundiKisasa

Mkuu, uzi mzuri sana, ila Linux umeionea.

Kosa la lile faili si la kerneli. Hati yako ilisema imemaliza wakati haijamaliza. Kerneli zote hizo nne zinaruhusiwa kukaa na maandishi kwenye ramu mpaka programu iseme yaandikwe sasa hivi. Kazi hiyo ndiyo ya fsync. Mwishoni mwa hati yako ongeza mstari mmoja, `sync` na jina la faili, kabla ya kuchapisha kwamba umemaliza. Mkikatiwa umeme baada ya hapo, faili lipo.

Halafu unalinganisha ext4 na ZFS, hizo ni mifumo ya mafaili. Linux ina Btrfs ndani ya kerneli tangu 2009, nayo inaandika pembeni vilevile. Ungeweka Btrfs kwenye ile ya mezani ndipo tungeona mizani iliyo sawa.

Na lipo jingine ambalo watu hawalitaji. Diski yenyewe ina ramu yake ndogo. Nimeshapokea hapa diski za bei chee ambazo kerneli inauliza "umeandika?", zinajibu ndiyo, kumbe bado. Hapo hata ZFS haikuokoi. Mkiwa na fleshi au SSD msizoziamini, zipimeni kwanza kabla ya kuzikabidhi hesabu za mzee.

MtuWaNkuhungu

Fundi, nimekuelewa na nakubali kuhusu fsync. Hati nimeirekebisha jioni hii hii. Btrfs nitaijaribu.

Ila bado nasimama hapa: mtu wa kawaida hataandika `sync`. Atahifadhi kazi yake, ataamini, ataenda kula. Ndiyo maana nimepima kile kinachokuja chenyewe unaposakinisha bila kugusa kitu.

BintiWaChimwaga

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, naishi hosteli, laptopu yangu ni Core 2 Duo na betri yake ilishakufa, kwa hiyo ukisema umeme ukikatika unanizungumzia mimi.

Kaka wa Nkuhungu, nimejifunza Linux kwa kuikusanya kerneli mwenyewe kutoka kwenye msimbo. Unaiendesha `make localmodconfig`, inaangalia moduli (vipande vya kerneli, kama draiva) zinazotumika kwenye mashine yako kwa wakati ule na kuziacha nyingine zote. Kama kuna kifaa hukukichomeka wakati ule, draiva yake haitakuwemo, jambo lililonikuta kwa modemu. Hata ikipunguzwa hivyo, kwa mashine yangu ni kazi ya usiku kucha.

Swali langu ni hili. Juzi saa nane usiku umeme ulikatika katikati. Asubuhi nikairudia `make`, ikaendelea pale ilipoishia, nikafurahi. Mwishoni kabisa, wakati wa kuunganisha, ikagoma na kusema kuna faili haitambui muundo wake. Nafikiria kufanya `make clean`, yaani kufuta vyote na kuanza upya, usiku wa pili upotee. Je, naweza kuepuka?

FundiKisasa

Dada, hilo ni ganda lilelile la mwenzako. Kikusanyaji kilikuwa kimetoka kutengeneza faili la `.o` (kipande cha msimbo kilichokwisha kukusanywa), jina likafika diskini, yaliyomo hayakufika. Kwa `make` faili lipo na ni jipya kuliko msimbo, kwa hiyo inaliruka. Kasoro inakuja kuonekana mwishoni.

Usifanye `make clean`. Andika `find . -name '*.o' -size 0` uone orodha, ukiridhika ongeza `-delete` mwishoni. Kisha `make` tena. Yatarudiwa hayo machache tu.

StesheneriMajengo

Mimi nina duka la stesheneri karibu na soko la Majengo: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti. Nyumbani nacheza na FreeBSD kama nyie, dukani natumia Linux na sitabadili.

Sababu ni printa. Mashine yangu kubwa ya kuchapa, kampuni imetoa draiva iliyofungwa, haina msimbo, na wameitengeneza kwa ajili ya Linux tu. FreeBSD ina safu ya kuendesha programu za Linux, nimehangaika nayo Jumapili mbili, karatasi ya kwanza ilitoka na mistari myeusi, ya pili haikutoka. Mteja amesimama na bahasha mkononi, usaili wake ni saa tatu, huwezi kumweleza habari ya leseni.

Kwa hiyo dada zangu na kaka zangu mnaotaka kuanza biashara ndogo, kabla ya kuchagua kerneli angalieni kwanza mtachomeka nini nyuma ya mashine.

MzeeWaKondoa

Marahaba binti. Nami niseme neno, nimestaafu ualimu na muda ninao.

Mnalinganisha kerneli za aina moja. Linux na hizo BSD zote ni kerneli za kipande kimoja: draiva, mtandao, mfumo wa mafaili, vyote vinaishi ndani pamoja, na draiva moja ikianguka inaweza kuangusha nyumba nzima. Kuna njia nyingine, ya kerneli ndogo, ambayo draiva hukaa nje kama programu za kawaida. Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum, aliyeitengeneza MINIX mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia, aliandika hadharani kwamba Linux imepitwa na wakati kwa sababu ni ya kipande kimoja. Torvalds alimjibu kwa ukali, na mabishano yale yanasomwa na wanafunzi hadi leo.

Mimi nina Debian GNU/Hurd, ya njia hiyo ya kerneli ndogo, ndani ya QEMU (programu ya kuigiza kompyuta). Hurd ilianza 1990, kabla ya Linux. Kwa matumizi ya kila siku siipendekezi, lakini kwa kujifunza hakuna raha kama ile: unaiua programu inayohudumia mtandao, unaiwasha tena, na mfumo unaendelea kama hakuna kilichotokea. Wanangu, jaribuni mara moja.

Na kwa taarifa yenu, wenye mashine za Intel za kuanzia 2015 hivi, MINIX mnayo tayari. Ilijulikana mwaka 2017 kwamba ile kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya chipu za Intel huendeshwa na MINIX 3.

MtuWaNkuhungu

Shikamoo mzee. Hilo la kuua huduma ya mtandao na kuirudisha nitalifanya wikendi hii.

Manyoni_Stesheni

Wakuu, naomba msaada. Niko Manyoni, sina waya wa intaneti, natumia simu tu. Nimesakinisha OpenBSD kwenye laptopu. Waifai inaonekana lakini inasema haina fimwea (programu ya ndani ya chipu yenyewe). Fimwea inataka intaneti, na intaneti inataka waifai. Nifanyeje?

MtuWaNkuhungu

Mkuu, hilo limewakuta wengi. Chomeka simu kwa waya wa USB, kwenye simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Angalia `dmesg` (ujumbe wa kerneli), mistari ya mwisho. Simu yangu ya Android ilijitokeza kama `urndis0`. Andika `ifconfig urndis0 inet autoconf`, subiri kidogo, kisha `fw_update`. Itajua yenyewe fimwea ipi inatakiwa na kuishusha, bando linaloliwa ni kidogo sana. Washa upya, waifai itakuwa hai.

Kama chipu ni ya Intel utafurahi. Kama ni ya Broadcom, niambie kwanza kabla hujachoma bando.

Manyoni_Stesheni

Ni Intel. Imekubali! Natuma ujumbe huu kwa OpenBSD. Ubarikiwe sana mkuu.

MlimaniHaiku

Mbona Haiku hamjaitaja? Haikutoka Linux wala BSD, ni urithi wa mfumo wa zamani wa BeOS, na kwenye mashine yangu ya ramu GB 2 inawaka haraka kuliko zote nilizojaribu. Mfumo wake wa mafaili una daftari pia. Bado ni beta, na si kila video itacheza, lakini kwa kuandika na kusoma inanitosha.

MtuWaNkuhungu

Asante mkuu, nitaiweka kwenye ile ndogo kwa wiki moja, niipe haki yake mbele ya NetBSD.

Fundi, nimeanza na Btrfs. Ile ya mezani nimeipa diski ya pili, hati ileile, swichi ileile ya ukutani. Bila `sync` mara tatu faili la mwisho halikuwepo kabisa, mara moja lilikuwepo likiwa zima. Ganda tupu sijalipata mpaka sasa, ila mara nne ni chache, naendelea. Kwa `sync` limebaki mara zote, ext4 na Btrfs.

BintiWaChimwaga

Fundi, nimeendesha `find` kama ulivyosema. Yalikuwa mafaili matatu tu ya sifuri, yote ya saa nane kasoro dakika moja usiku. Nilikuwa tayari kupoteza usiku wa pili, kumbe ni matatu tu! Nimeyafuta, `make` inaendelea, sasa hivi iko kwenye drivers/net, na nimeweka `sync` kila baada ya dakika moja kwenye terminali ya pembeni.