Nani aliwadanganya kwamba kila vivumishi viwili vya Kiingereza vinadai koma?

Banange, hizi koma zimezidi! Mabango ya Kampala, barua za kuomba kazi, mitihani ya majaribio ya darasa la saba (P7), kote ni "an old, wooden boat" na "a cheap, plastic chair". Watoto wanafundishwa kuhesabu: vivumishi viwili, tia koma. Huo ni uvivu wa kufundisha!

Koma hiyo inakaa mahali pa "and". Chukua "a hot, dusty road". Ukisema "hot and dusty", sawa. Ukigeuza, "dusty, hot", bado sawa. Kila neno linaieleza barabara kivyake, kwa hiyo koma ni haki yake. Haya, ujaribu mtumbwi: "a wooden and old boat"? Sikio linakataa. "Wooden" limegandana na "boat", halafu "old" linaeleza mgando huo wote. Ukichomeka koma hapo umepasua mtumbwi.

Kiingereza kina foleni yake: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kilichotumika kutengeneza kitu, kazi yake. Maneno ya makundi tofauti yakipanga foleni hiyo, kwa kawaida hakuna koma. "A small round brown Ugandan basket": vivumishi vinne, koma sifuri. Koma huja zaidi maneno yakitoka kundi moja, hasa la maoni: "a rude, lazy clerk". Na "bright red" msiiguse kabisa. "Bright" linaieleza rangi, si kitu.

Halafu kuna koma inayogeuza maana, na hapa ndipo madalali wa nyumba wanaharibu. "Another, cheaper room" maana yake chumba ulichoona ni ghali, kipo kingine cha bei nafuu kuliko hicho. "Another cheaper room" maana yake umeshaonyeshwa kimoja cha bei nafuu, hiki ni cha pili. Mpangaji ataelewa nini?

"A tall, slim, man" je? Koma kati ya kivumishi cha mwisho na nomino yake! Hiyo hata haihitaji kupimwa, futa.

Pa kubishania papo: "a long hot day" wengine huandika kwa koma, wengine bila, na zote zinapita. Lakini wewe mwenye kalamu nyekundu, mtoto akiandika "a big red bus" bila koma, usimkate alama. Amepata.