“Bondeni si mmeshazoea maji!” Kasema hivyo na kipaza sauti mkononi!

Zege_la_Jana (mleta uzi)
Wakuu, nina hasira mpaka simu inapata joto. Mnamjua, simtaji. Yule yule wa utepe, ambaye mkasi kwake ni kiungo cha mwili. Leo kazindua mtaro wa kule juu: mpana, umesakafiwa, umefunikwa, bwana harusi anaweza kulala humo na suti yake. Likaulizwa swali moja tu: maji yakitoka hapa yanaishia wapi? Akajibu, “Bondeni si mmeshazoea maji!” Watu wakapiga makofi. MAKOFI!

Mtaro huanzia mwisho, jamani. Unachimba kuanzia pale maji yatakapotokea, unapanda nao taratibu. Wao wameanzia kileleni, wakauachia kwenye karavati letu la kipenyo cha sentimita 30, la tangu enzi za Nuhu. Huko juu wamelaza la sentimita 60. Na msidanganywe na hesabu ya “nusu”: kwa mteremko ule ule, la 30 linapitisha kama sehemu moja tu kati ya sita za maji ya lile la 60. Tano zilizobaki zinaingia sebuleni, zinakaa kwenye kochi, zinaomba rimoti.

Bado lami. Udongo ulikuwa unakunywa kidogo. Sasa mvua ya milimita 30 ikipiga mita za mraba 1,000 za lami ni lita 30,000, na nyingi zinashuka mbio. Zinashuka kwa nani? Kwa “waliozoea”! Nani anazoea maji, kambare?

Kipaza sauti mkononi, wakuu. Wala hakunong’ona.

Koleo_Butu
Mkuu, punguza munkari, kule juu nako watalia. Umeiona mifuniko yao? Mita 1 kwa sentimita 60, unene sentimita 10. Hiyo ni kama kilo 144 za zege. Tope likijaa nani ainue, yeye na mkasi wake? Vingemwagwa vipande vya urefu wa nusu hiyo, kila kimoja na vishikio vya nondo, watu wawili wanatoa. Mtaro usiofunguka hausafishwi.

Mama_Kizaazaa
Mie nimekufa hapo kwenye rimoti 😂😂 Hayo maji yanaangalia chaneli gani?

Mpita_Njia
Kwani mlipojenga bondeni hamkuona kwamba ni bonde?

Zege_la_Jana
@Mpita_Njia nyumba zilitangulia lami! Maji yalikuwa na njia yake, wameiziba kwa kifusi wakaiita bustani ya kupumzikia. Nawe ulikuwa kwenye makofi, eti?

Fagio_Refu
Hoja ya bonde ni ya kitoto. Ila mleta uzi nawe unapiga kelele kwa mtu mmoja, tazama na siku za usafi. Tope linachotwa vizuri, linarundikwa ukingoni mwa mtaro, picha zinapigwa, watu kwao. Mvua inayofuata linarudi lote humo humo. Tope huondolewa siku hiyo hiyo, kwa hiyo kabla ya kuhesabu makoleo hesabu mikokoteni. Nayo iko wapi? Juu, inabeba maua.

Halafu chujio la takataka mdomoni mwa karavati mmelisimamisha wima. Mifuko inaganda, shimo linakuwa ukuta. Chujio hulazwa, chini limetangulia mbele na juu limeegemea karavati, ili maji yasukume taka zipande, mtu azivute kwa reki akiwa amesimama pakavu.

Koleo_Butu
Na mteremko. Angalau sentimita 5 kwa kila mita 10, upimwe kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, maana maji ya ncha zake mbili husimama usawa mmoja. Kwa macho tu mtatengeneza bwawa la mbu. Maji yakienda polepole mchanga unatua.

Kivuli_cha_Mwembe
Afadhali nyie mnaogombania mtaro. Kwetu kuna taa za sola, zinawaka kwa muda wa saa mbili tu, basi. Wamesimika nguzo chini ya miti! Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, kivuli kikilala kwenye chache tu, paneli nzima inalegea. Betri haijai, inalala na njaa kila siku, inakufa kabla ya wakati.

Mama_Kizaazaa
Kateni matawi.

Kivuli_cha_Mwembe
Mti ni wa jirani, na jirani ni shemeji yake yule wa mkasi.

Mpita_Njia
😂😂😂 Sasa tumefika.

Zege_la_Jana
Jamani, tulikuwa kwenye MAJI. Kasema mmeshazoea!

Fagio_Refu
Subiri kwanza mkuu. @Kivuli_cha_Mwembe, betri ni za asidi au lithiamu? Za asidi zikitolewa moto mpaka mwisho kila usiku hazifiki mbali. Na nguzo zina urefu gani?

Kivuli_cha_Mwembe
Asidi. Mita 6, zimepishana mita 50. Katikati giza totoro.

Koleo_Butu
Kwa mita 6 zipishane 20 hivi, 25 ukijikaza. Hizo wamegawa nusu, nusu nyingine ziko kule juu, zinamulika ua la mtu.

Mama_Kizaazaa
La shemeji?