Nisaini fomu binti yangu asisome The Poet X, au nimwache?

Mama Nuru (Columbus, Ohio)
Wadau, shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Naomba mawazo, matusi hapana.

Binti yangu ana miaka 14, ameingia sekondari mwaka huu. Darasani wamepewa The Poet X ya Elizabeth Acevedo, ya mwaka 2018. Riwaya nzima ni mashairi. Kimekuja na karatasi: mzazi asiyeridhika asaini, mtoto atapewa kitabu kingine. Wifi yangu wa Tanga nilipomsimulia kwa simu alisema "saini" hata sijamaliza kuongea.

Nimekisoma nikiwa zamu ya usiku, siku mbili. Xiomara ana miaka 15, anaishi Harlem, New York, wazazi wake wametoka Jamhuri ya Dominika. Mama yake alitamani utawa, akaishia kuolewa, sasa anataka binti apate kipaimara. Binti ana maswali kuhusu Mungu, na ana kijana wake, Aman, wa kutoka Trinidad, wanakaa pamoja kwenye somo la baiolojia. Mama akigundua wamebusiana kwenye treni anampigisha magoti juu ya mchele, mbele ya Bikira Maria. Baadaye analipata daftari lake la mashairi na kulichoma.

Hapo nilifunga kitabu nikaenda kugeuza wagonjwa. Mwaka jana nilimnyang'anya Nuru simu nikaisoma yote. Sikuchoma kitu, lakini nilijiona.

Nisaini?

Baba Watatu
Dada, saini. Mtoto wa miaka 14 hahitaji shule imfundishe kubusu, hilo atalijua bila mwalimu. Na kuna ukurasa wa chumbani humo, usituzunguke. Huku Tanzania Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu kadhaa mashuleni, hata Diary of a Wimpy Kid ikamo, na watoto wanaendelea kusoma.

Bi Siti wa Amu
Mwanangu Baba Watatu, taratibu. Mwana Kupona, yule mshairi wa kisiwa cha Pate, alipokuwa mgonjwa, mwaka 1858, alimtungia bintiye utendi. Humo anamfunza jinsi ya kumkanda mume, kumnyoa ndevu, kumfukiza udi asubuhi na jioni. Hayo si ya chumbani? Nasi tumeyakariri tukiwa wasichana wadogo, na hakuna aliyetuletea fomu.

Ninaloliona mimi ni hili: Pate mama ndiye aliyeshika kalamu, binti akasikiliza. Huko Harlem kalamu anayo binti. Nadhani ndicho kinachotuuma sisi wazazi, lile busu tumelifanya kisingizio.

Baba Watatu
Bi, heshima yako, lakini hapo umechanganya. Mwana Kupona anazungumzia mume wa ndoa. Na kungwi alimfunda mwali ndani, mlango umefungwa, si mbele ya wavulana thelathini wanaochekeana. Nimeona darasa likisomewa kisa cha mapenzi: msichana mmoja alifunika uso kwa daftari hadi kengele ikalia.

Mzee wa Vina
Mimi busu halinisumbui. Kinachonisumbua ni kuuziwa nathari iliyokatwakatwa nikaambiwa ni ushairi. Vina viko wapi? Mizani? Hata mimi nikiandika orodha ya sokoni, nyanya mstari wake, kitunguu mstari wake, nitapewa tuzo?

Mwalimu wa zamu
Mzee wangu, ugomvi huo tuliugombana tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyo na vina wala mizani, mwaka 1974, na wewe najua ulikuwepo! Tuuache leo. Ila tuzo kilipata: National Book Award mwaka huohuo wa 2018, na Carnegie ya Uingereza mwaka uliofuata. Mwandishi mwenyewe aliwahi kufundisha darasa la nane, na inaonekana.

Mfano. Xiomara anapewa kazi ya nyumbani, tunaona majibu mawili. La kwanza ni rasimu, lenye ukweli wote. La pili ndilo analokabidhi, limenyooka, safi, halina kitu. Nimesahihisha insha miaka mingi, na hayo "la pili" ndiyo ninayoletewa kila wiki. Riwaya ya kawaida ingehitaji aya tatu kulieleza hilo. Hapa unafungua tu ukurasa.

Baba Watatu, huo ukurasa wa chumbani umeusoma mpaka chini? Binti anasema basi, na kijana anaacha. Niambie wavulana wako thelathini wamewahi kulisikia hilo wapi.

Na fomu yenyewe haina ubaya. North Carolina wazazi walikwenda mahakamani mwaka 2020, wakidai kitabu kinaudharau Ukristo, wakataka shule iache kukifundisha. Shule ilishawaambia mtoto wao anaweza kusoma kingine. Jaji akakataa. Kumwondoa wako ni haki yako, Mama Nuru. Kuwaondolea wa wenzako ni jambo jingine.

Baba Watatu
Nimekisoma kupitia watu waliokisoma.

Mzee wa Vina
😂 Haya, hilo nalo lina vina.

Baba Watatu
Chekeni. Mabinti ninao watatu, na hakuna kati yenu atakayekuja kukaa nao saa nane usiku. Kijana wa kitabuni anaacha akiambiwa basi. Wa mtaani kwangu simjui.

Mama Nuru (Columbus, Ohio)
Asanteni. Baba Watatu, sikucheki, hofu yako ndiyo yangu.

Sijasaini. Karatasi iko chini ya kopo la sukari. Jana sikuwa na zamu, nikamwambia Nuru anisomee kwa sauti, na mimi napika. Kiingereza chake kinakimbia, nikawa namrudisha. Alipofika kwenye mchele akanyamaza, akaniuliza: "Mama, na wewe ulipigishwa magoti?" Nikamwambia ndiyo, shuleni, juu ya kokoto, kwa barua niliyoandikiwa na mvulana ambaye hata sikumjibu. Akataka kujua jina la mvulana. Maharage yakaungua.

Baba Watatu
Na ule ukurasa mwingine, mmeufikia?

Mama Nuru (Columbus, Ohio)
Bado. Tuko kwenye mchele.