Tupeane uzoefu: jina lako lilitokaje kwenye jarida?

Mwanzisha mada, Kisumu
Wadau, hamjambo? Makala yangu ya kwanza ya utafiti, ya gugumaji la Ziwa Victoria, ilitoka mwaka juzi. Jina lililochapishwa si langu. Langu la mwisho lina ng' yenye ritifaa, na mfumo wa jarida uliigeuza ritifaa ikawa msimbo, '. Nilikuwa na haraka, sikuangalia tena. Halafu fomu inataka jina la kwanza na la ukoo tu, na sisi huku tuna majina matatu. Jarida moja niliweka mawili kwenye kisanduku cha kwanza, jingine nikaweka moja. Sasa mtu akitafuta, kazi zangu ni za watu wawili. Inaniuma. Nyinyi yaliwakuta yapi?

Mama Wawili, Njoro
Pole sana dada. Mimi nilichapisha kabla ya ndoa na baada ya ndoa, kwa hiyo nakuelewa. Kilichoniokoa ni ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, ipo tangu 2012, tarakimu 16 (ya mwisho yaweza kuwa X), na unaruhusiwa kuorodhesha majina yako yote. Usiichape kwa mkono, ingia kupitia mfumo wa jarida uidhinishe mwenyewe.

Mwalimu wa Kakamega
Yangu ni baruapepe. Niliweka ya chuo, na mimi ndiye mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye jarida humwandikia. Mkataba ukaisha, anwani ikafungwa. Maoni ya wahakiki yakaenda huko, muda wa kurekebisha ukapita, makala ikaondolewa. Miaka miwili ya kazi! Siku hizi naweka yangu binafsi, na ya chuo ikiwa jarida limeisisitiza. Taasisi ni jambo tofauti: andika ile uliyofanyia utafiti, hata kama umehama. Ya sasa inaingia kwenye tanbihi.

Bondo Kwetu
Mimi nilimsahau mwenzangu kwenye fomu. Nilidhani jina lake likiwa ndani ya faili inatosha. Kumbe uhakiki ulikuwa wa siri pande zote mbili, wahakiki na waandishi hawajuani, kwa hiyo majina yanaondolewa kwenye faili, yanabaki ya fomu peke yake. Kumwongeza baadaye, mhariri alitaka barua yenye saini za waandishi wote, na sababu. Mmoja wetu alikuwa uwandani bila mtandao. Wiki tatu. Huyo mwenzangu ndiye aliyekusanya sampuli akachambua data, na nilishindwa kumtazama usoni.

Mama Wawili, Njoro
@Bondo Kwetu, ndiyo maana mimi huwatumia wenzangu picha ya ukurasa wa waandishi kabla ya kubonyeza tuma. Kila mtu anathibitisha tahajia, taasisi na nafasi yake.

Mwanzisha mada, Kisumu
Asanteni. ORCID nimefungua sasa hivi, majina yote matatu na ritifaa yake. Mhariri nimemwandikia nikiomba sahihisho, nikaambatisha kitambulisho. Kuna aliyewahi kusahihishiwa jina makala ikiwa imeshatoka? Ilichukua muda gani?