Kompyuta ya dukani bado ni Windows 7 na bosi hataki kubadilisha. Nimwambieje anielewe?

MhasibuMoro
Habari zenu wakuu. Natunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Kaunta kuna kompyuta moja ya mezani ya mwaka 2012, Windows 7. Humo ndimo ilimo stoo yote, madeni ya mafundi na namba za simu za wateja. Ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti dukani, nayo ni ya miaka hiyohiyo. Wiki iliyopita nilijaribu kuingia kwenye mipangilio yake kwa neno la siri la kiwandani, admin kwa admin, ikafunguka palepale.

Bosi nimemweleza mara mbili. Anasema, "Si inawaka? Hela hiyo bora tuongeze mabati." Ni mzee wangu, namheshimu, na duka kalijenga kwa jasho lake. Lakini yakitokea ya kutokea, mimi ndiye nitakayeulizwa hesabu ziko wapi. Naombeni hoja.

FundiWaMsamvu
Mkuu, wasiwasi wako una msingi. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 kwa watumiaji wa kawaida. Tundu lolote la usalama lililogunduliwa baada ya hapo, kwenu liko wazi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai pesa, kilipita chenyewe kutoka mashine hadi mashine, hakuna aliyehitaji kubofya chochote. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi. Na wakati ule kiraka, yaani marekebisho ya Microsoft ya kuziba tundu hilo, kilikuwa kimeshatoka tangu Machi, watu tu hawakukiweka. Ninyi hata cha kuweka hamna.

Ila anza na ruta, ndiyo inayotazama nje. Mei 2025 FBI ya Marekani ilitahadharisha kuhusu ruta zilizoachwa na watengenezaji wake: wahalifu wanaziingilia na kupitishia humo mambo yao, mwenyewe hajui. Badilisha neno la siri leo hii, ruta yenyewe mwezi huu.

MamaDawa
Mdogo wangu, mimi yalinikuta. Nina duka la dawa. Jumatatu moja nafungua, kila faili limebadilika jina, na katikati ya kioo kuna ujumbe wa kudai pesa. Nakala nilikuwa nayo kwenye diski ya nje, lakini ilikuwa imechomekwa muda wote, nayo ikafungwa vilevile. Tulihesabu paketi moja moja siku nne. Madeni ikabidi niwaulize wadaiwa wenyewe, na wapo walioniangalia usoni wakasema hawadaiwi.

Usimpelekee mzee habari za matundu. Jumlisha madeni yote yaliyomo humo, andika kwenye karatasi, mpe. Muulize tu: tukiamka hayamo, tutamdai nani?

MhasibuMoro
Pole sana mama, na ahsante. Nimejumlisha sasa hivi: milioni 6 na laki 4, na daftari la mkono tuliliacha zamani. Sasa fundi, aliyetutengenezea programu ya stoo hapatikani tena. Ikigoma kwenye Windows mpya?

FundiWaMsamvu
Basi ile ya zamani ibaki na kazi ya stoo tu, bila waya wa intaneti, bila waifai, bila flashi za wateja. Barua pepe na benki zihamie mashine nyingine. Nakala weka kwenye diski ya nje, ukimaliza chomoa, lala nayo nyumbani.

Mkienda kununua mtumba, muwe macho. Windows 10 nayo ilifika mwisho 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haizikubali prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Muuzaji atakwambia "ni kama mpya". Mwambie aiwashe, usome mwenyewe kizazi chake kabla hujatoa hela.

MhasibuMoro
Nimebaki dukani. Neno la siri la ruta nimebadilisha, waya nimechomoa, nakala imekamilika saa 5 hii usiku. Mzee hufika saa 2 asubuhi. Karatasi ya madeni nimeiweka juu ya mashine ya risiti, hawezi kuipita.