Wexler, Soderbergh au Johnson: mpiga picha aanzeje filamu yake?

lenzi_ya_pili
Wakuu, habari zenu. Mwaka wa sita huu nashika kamera kwenye filamu za watu, na ya kwangu inanikosesha usingizi. Haskell Wexler wa Marekani aliishi kwa kazi za kuajiriwa, akapata Oscar mbili, huku akitengeneza zake. Steven Soderbergh anaongoza na kupiga picha mwenyewe, akijiandika kwa jina la bandia, Peter Andrews. Asiye na mtaji amfuate nani?

MzeeTripodi
Wexler, mkuu. Mwaka 1968 aliwaingiza waigizaji wake katikati ya maandamano ya kweli pale Chicago, mabomu ya machozi yakirushwa. Ndiyo Medium Cool, ikatoka 1969. Na mwaka 2006, akiwa amepita miaka 80, akatoa filamu ya makala, yaani ya matukio ya kweli, kuhusu saa za kazi. Msaidizi wa kamera alikuwa amefanya kazi saa 19, akasinzia kwenye usukani akirudi nyumbani, akafa. Tunaokesha lokesheni hatuhitaji kufafanuliwa. Mzee yule alitumia jina lake kuwasemea wabeba taa.

Asha_Mwanga
Namheshimu sana, lakini alitoka familia ya kitajiri, na baba yake alimsaidia kufungua studio ndogo. Anayelipa kodi ya nyumba kwa picha za harusi hana mgongo huo. Soderbergh naye alipiga Unsane (2018) kwa iPhone, ila jina alikuwa nalo tayari. Simu inapunguza gharama ya kamera tu. Waigizaji bado wanakula.

bumu_juu
Na sauti! Picha ya simu watu wanaivumilia. Sauti mbovu wanazima.

Asha_Mwanga
Kweli kabisa. Mimi ningemtazama Kirsten Johnson. Miaka 25 alipiga picha za makala za wengine, Bosnia, Nigeria, Liberia na kwingineko. Kisha akarudi kwenye picha hizohizo, akazishona kuwa Cameraperson (2016). Kuna mkunga wa Nigeria anayehangaikia kichanga kinachopumua kwa shida, na kamera haiondoki. Mtaji wake ulikuwa mabaki ya picha alizokwisha kupiga.

lenzi_ya_pili
Dada Asha, hapo umenishika. Nina diski tatu zimejaa mabaki. Ila ni mali ya nani? Makubaliano yangu mengi yalikuwa ya mdomo.

Asha_Mwanga
Chukulia ni ya aliyekulipa. Anza na mwongozaji mmoja mnayeelewana, umwombe ruhusa ya maandishi. Na kazi inayofuata, liandikeni hilo kabla hujawasha kamera.